Mawe Kwenye Koti la Baba Yako

Qurus, Karatu
19 Mei 2024

Mpendwa Patrisi,

Hujambo mwanangu? Natumaini huko Mtwara unakula na unalala vizuri. Mimi magoti yananiuma, mahindi yamebeba, mvua imekatika wiki iliyopita. Meseji zangu unazisoma na kunyamaza, ndiyo maana nimeandika karatasi. Hii huwezi kusema mtandao ulikuwa mbovu.

Kile kijiko changu kidogo, ile mashine ya kupakia changarawe ya moramu, kilianza kusumbua Februari. Injini inanguruma vizuri, ghafla mikono inajifunga, baketi haipandi wala haishuki. Baada ya dakika mbili inafunguka yenyewe. Tulibadilisha oili ya haidroliki, chujio, fyuzi. Wapi!

Nikaona jambo. Nelson, yule dereva wangu mwingine mnene, akiendesha, siku nzima hakuna tatizo. Akipanda baba yako tu, inajifunga, hasa kwenye mashimo. Nilimwambia mbele ya wapakiaji kwamba yeye Leonce ana mkosi na mashine imemzidi akili. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha nikakuta mawe kwenye mifuko ya koti lake, na jingine amejifunga kiunoni kwa kitambaa. Sikuuliza. Nilijua anairoga mashine yangu, basi. Nikampeleka kwenye jumuiya yetu ya kanisa. Tulimpigisha magoti sebuleni kwa mwenyekiti wetu, Martha, tukamwombea kwa kelele ili pepo limtoke. Nikamfukuza kazi palepale, ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwezi uliopita Lembris, fundi wa Arusha, alikuja kufanya sevisi, akafungua kiti. Chini yake kuna swichi inayosikia uzito wa dereva. Isipobonyezwa, mashine inafunga mikono isije ikamponda mtu. Springi ilikuwa imekuwa ngumu kwa vumbi, inataka mtu mzito. Nikamsimulia habari za mawe huku nacheka. Yeye hakucheka.

“Mama, huyo mzee alikuwa anaongeza kilo,” akasema. “Mpelekeni hospitali.”

Baba yako aliijua ile swichi kabla ya fundi. Alinyamaza kwa sababu angeitaja, tungemuuliza kwa nini amekonda.

Ni saratani ya koo, na tumechelewa. Kinachopita ni uji tu, nao si kila siku. Daktari alisema miezi, hakutaja mingapi.

Nimekwenda kumwomba msamaha mara tatu. Anageukia ukutani, na ana haki. Jumuiya nao walikuja na sukari na nyimbo. Aliwaomba wafunge mlango wakitoka.

Nawe usijione mtakatifu. Krismasi alikupigia, ukasema uko kazini, utampigia baadaye. Alitaka kukuambia kwamba ugali haupiti. Hukupiga, akaenda kuokota mawe.

Msalimie mkeo Bertha na watoto. Dada yako Angelina anakusalimu, ndiye anayemgeuza baba yenu kitandani na kumfulia. Kaka yako Vedasto naye anakusalimu, ingawa kwa kweli alikutukana. Mungu akupe likizo na aibu, vyote viwili kwa pamoja.

Mimi hataki kuniona. Wewe anakungoja, kila asubuhi anamuuliza Angelina kama basi la kutoka Arusha limeshapita.

Leo hakuuliza.

Nakupenda hata hivyo,
Shangazi yako, Antonia