Taa Tatu Kwenye Dashibodi

Jumatatu, 4 Machi
Gari la ofisi limeoshwa, mafuta yamejaa. Fundi Yohana amemaliza kufunga taa ndogo tatu za LED: ya feni, ya friji ndogo ya vinywaji, ya alamu ya rivasi inayolia gari likirudi nyuma. Ukiwasha swichi, taa inawaka. Akanitania: "Mzee, uzeeni ndo umependa urembo?" Nikacheka. Ukweli ni kwamba alamu siisikii tena. Wala feni. Ofisini wakijua, ufunguo wanachukua. Mimi zaidi ya usukani sijui kazi nyingine.

Jumatano, 6 Machi
Safari ya Msalato na kurudi, na bosi, Mama Rehema. Anaongea njia nzima huko nyuma. Kila midomo yake ikitulia kwenye kioo naitikia, "Ndiyo, mama." Inachosha jamani! Ila taa zangu safi. Naziamini kuliko masikio yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Bahi. Ee Mungu wangu. Nilikuwa narudi nyuma pale sokoni. Taa ya alamu inawaka, nikajua watu wanaisikia, watapisha. Nimemgonga mama muuza mchele. Soko zima lilipiga mayowe, mimi sina habari. Nilisimama Mama Rehema aliponivuta shati. Yule mama kavunjika mkono. Hakunitukana hata.

Jumamosi, 9 Machi
Yohana kafungua nyaya. Waya wa alamu umekatika huko nyuma. Ile taa aliichukulia umeme kwenye swichi, kwa hiyo inawaka hata alamu ikiwa bubu. Bosi kafoka: fundi mzembe, asikanyage tena hapa. Yohana kakusanya spana zake akaondoka. Nami nimemwacha abebe lawama peke yake. Najichukia.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani. Mahubiri sikuyasikia, si jambo jipya. Nimewaza tu. Waya ni kosa la Yohana, sawa. Yale mayowe nisiyoyasikia je? Hayo ni yangu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwambia bosi kwamba sisikii. Akaongea sana, kasahau nilichomwambia sasa hivi. Ufunguo nimeuacha mezani kwake. Yohana karudishwa.

Nyumbani mke wangu kanigusa bega, akangoja nigeuke, ndipo akasema chai tayari. Nikamwuliza ameanza lini kunigusa kwanza kabla ya kusema.

"Siku nyingi, Baba Neema."

Tukanywa chai.