Fungu Lililoshonwa Kichwa Chini

Marahaba, mjukuu wangu Tumaini. Hapa Mamboya hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, lakini kikombe cha tatu cha chai bado anakidai.

Umeomba ukichukue kile kitabu cha hadithi cha marehemu baba yangu kikashonwe upya huko Dar, maana kurasa za katikati ziko kichwa chini. Ngoja kwanza.

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, kitabu kililowa mvua njiani, kikafumuka. Mengine ya kuhama nayaacha. Baba alizifunga karatasi kwa kamba, akaziweka kando. Nilikuwa bado binti wa shule, nikaamua kumshonea, iwe zawadi yake ya Krismasi. Nilichomoa nyuzi za katani kwenye gunia, nikapika uji mzito wa muhogo uwe gundi, nikakata jalada kwenye boksi na kulivika kipande cha kanga ya mama.

Siku ya Krismasi majirani walijaa, baba akatusomea. Alipofika katikati, nikaona nimelishona fungu zima la kurasa kichwa chini. Baba alikigeuza tu kitabu, akaendelea kwa sauti ileile. Fungu lilipoisha, akakigeuza tena. Mama, ambaye hakujua kusoma, akaninong'oneza, "Kumbe hapo huwa kinageuzwa!"

Baba hakuniambia neno, hadi anazikwa.

Basi kiache. Maandishi madogo yananishinda siku hizi, kwa hiyo Krismasi hii utatusomea wewe. Ukifika pale, geuza, usisimame.

Bibi yako