Kachori za Mihogo

Makote, Newala

Kwa mdogo wangu Agnesi,

Marahaba, kabla hujaniamkia, maana najua utaanza kuisoma barua hii umenuna na shikamoo utaisahau. Umemwona mwanao Elia anashuka kwenye lori na bahasha mkononi, mimi simo. Usimgombeze. Kijana amekuja mpaka uwanjani kwangu, amebeba sanduku langu akalipakia, na ni mimi niliyemwambia alishushe. Hivi ninavyosema hapa anakunywa chai, anatingisha mguu, anangoja barua badala ya mtu. Basi kaa chini, vaa miwani, soma mpaka mwisho ndipo ukasirike. Ukianza kukasirika sasa utaruka maneno.

Hujambo lakini? Masikio vipi? Elia kanieleza kuwa siku hizi kengele ya kanisa huisikii, unajua imelia kwa kuona majirani wanatoka na kanga zao nzuri. Ndiyo maana sikupigi simu. Mara ya mwisho nilipayuka mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani, na wewe nilipokuuliza habari za miguu ukanijibu habari za mvua. Afadhali karatasi, haina kelele. Wewe mama alikupeleka shule, mimi akanipeleka jikoni kwa mke wa Mhindi, kwa hiyo anayeandika hapa ni mkwe wangu, Mama Neema, mke wa Petro. Nimemkataza kuyapaka sukari maneno yangu. Nikisema mjinga, aandike mjinga.

Sisi wazima. Baridi ya huku juu mwaka huu ina meno. Petro yuko kwenye mikorosho anapuliza salfa, jioni anarudi macho mekundu kama mfiwa. Goti langu la kulia nilishuka nalo hospitali ya Ndanda likatazamwa. Nimepewa dawa ya kuchua na nimekatazwa kupanda vilima. Nikawauliza, mimi naishi juu ya kilima, nisipopanda mtanilaza kwenu? Wakacheka tu. Wanacheka vizuri watu wale, lakini goti liko vile vile.

Sasa mzigo wako. Umefika salama: unga wa dengu, viazi, nazi, bizari nzima, ndimu. Kotmiri ilifika imelala lakini harufu yake ilikuwa macho. Na maneno uliyomtuma Elia nayo yalifika. "Mama anasema rudi nyumbani ukae. Anasema pale makaburini, ubavuni mwa bibi, amekuwekea nafasi, wamemwomba wengine amekataa." Agnesi, nilikwenda nyuma ya choo nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Tangu nimzike mume wangu sijalala usiku hata mmoja bila kupita kwetu Muheza kwanza kwa mawazo. Naanzia pale sokoni, nashuka kwenye michungwa, nafika mtoni, nausikia mkonge unavyokwaruza upepo, ndipo usingizi unanikubali. Nikamwambia Elia, nenda Masasi kashushe mabati yako, ukimaliza panda huku unichukue. Nilisema kwa moyo wangu wote. Usije ukadhani nilikudanganya.

Halafu nikajiambia, siwezi kuondoka kama mwizi. Niwaite wenzangu wawili niwakaangie vitu vya kwetu, zile bajia na kachori zenyewe, waonje nilikotoka. Utashangaa, maana wamekula mkono wangu tangu ujana. Lakini za kwetu hawajawahi kuzila. Huku viazi vinapanda na basi, vikifika vimechoka kuliko abiria. Mihogo iko nyuma ya nyumba, kwa hiyo kachori nilianza kuzifanya za mihogo. Dengu ni za kutafuta, kunde na mbaazi ni za kuinama tu uchume, kwa hiyo bajia zikawa za kunde, na kunde zikiadimika zinakuwa za mbaazi. Nazi nayo shida, nikatwanga korosho na pilipili na ukwaju nikaita chatini. Miaka ya mwanzo niliona aibu. Nakaanga huku naomba radhi: "Jamani msinihukumu, hizi si zenyewe, zenyewe ziko kwetu." Wao wanatafuna tu.

Basi jana nikafanya zenyewe. Viazi nikavichemsha nikaviponda vingali na moto, nikatia chumvi, ndimu, kitunguu saumu, pilipili mbichi na ile kotmiri yako. Nikaviringa. Unga wa dengu nikautia bizari, nikaukoroga mwepesi, unaoshika kijiko bila kukivaa. Mafuta sikuyaharakisha. Yule mama wa Kihindi alikuwa ananiambia, "Usiulize moto, uliza mafuta." Nikadondosha tone la unga, likazama, likafikiri kidogo, likapanda. Nikajua tayari.

Bizari ilipogusa mafuta, Agnesi, nilikuona. Ulikuwa kwenye mlango wa nyuma wa Mhindi, sketi ya shule inaburuzika chini, umeshika kisahani unavizia zilizopasuka, maana nzima zilikuwa za mezani. Na mimi nazipasua kwa makusudi. Mama Neema akaniuliza, "Mama, moshi?" Nikamwambia ndiyo, moshi. Leo anaandika hapa anajua haukuwa moshi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Somoe, jirani yangu, Mmakonde wa hapa hapa. Nilipoletwa huku mwari, maji yalikuwa chini bondeni, unashuka mtelemko mzima, unarudi na ndoo kichwani. Mimi mtoto wa Muheza mwenye mto nyuma ya nyumba nilikaa chini katikati ya njia nikasema sipandi. Mama Somoe hakunibembeleza. Aliniwekea kiganja mgongoni akanisukuma mpaka juu, ndoo yake mwenyewe ikiwa kichwani, huku ananitukana. Wanangu walipofika umri wa jando wazee wakauliza, hawa ni wa ukoo gani? Maana huku mtoto anahesabiwa kwa mama, na mama yao ni mtu wa kuja. Akasimama yeye. "Ni wa kwangu. Nani ana la kusema?" Mama Somoe akisimama hivyo hata mbuzi wanaacha kula.

Wa pili ni Bibi Dorothea, Mmakua, naimba naye kwaya ya akina mama. Yule ni mtani wa kila mtu, hata wa padri.

"Hodi kwa Mtanga! Harufu imenifuata mpaka kanisani, nimekatisha sala."

"Mungu atalilaani tumbo lako, Dorothea."

"Ataanza na jiko lako lililolitega."

Nikawawekea sinia, na chatini ya nazi pembeni. Mama Somoe akachukua kachori, akauma, akatafuna, akasita. Akaigeuza akachungulia ndani kama anayetafuta pete.

"Mama Petro, unaumwa?"

"Siumwi. Kwa nini?"

"Hii imekuwaje?"

"Imekuwaje nini? Hiyo ndiyo kachori."

"Kachori naijua. Kachori inashika jino, unapigana nayo kidogo. Hii imekata roho kabla sijaitafuna. Huu ni uji wa mgonjwa uliovaa koti."

Nikamtazama Dorothea anitetee. Akafuta mdomo kwa heshima zote. "Mimi sisemi kitu, mwenzangu. Nauliza tu, korosho mmeziuza zote? Mbona chatini imekuwa nyeupe tamu kama dawa ya watoto?"

Hapo nikapandwa. Nikawaambia nyinyi wachimba mizizi ya ming'oko porini mnajua nini, hii ndiyo yenyewe, imetoka Tanga, imesafiri mikoa yote hii, hizo mlizokuwa mkila ni za shida tu, za kubahatisha! Nani kawafundisha hilo neno kachori kama si mimi?

Mama Somoe hata hakupandisha sauti. "Ndiyo, wewe ulitufundisha. Sasa leo nani kakuharibu?"

Nikachukua moja niwaaibishe. Nikaiuma mbele yao. Nikasubiri. Nikafikiri labda chumvi, nikaongeza chumvi. Nikakamua ndimu. Nikala ya pili nimefumba macho. Agnesi, ilikuwa nzuri, sikatai. Ilikuwa nzuri kama chakula cha mwenyeji unapokwenda ugenini. Unasifu, unashukuru, lakini hunyooshi mkono tena. Pua ilikwenda Muheza, ulimi ukabaki Makote. Niliona kama nimepigwa kofi na mtu nisiyemwona. Miaka yote hii nimelilia kitu, kimeletwa mpaka mdomoni, mdomo wangu mwenyewe unakiuliza, wewe mtoto wa nani?

Kisha Mama Somoe akafunga kanga, akatoka bila kuaga. Nikajua nimemuudhi. Kumbe alikwenda kwake akafungua sufuria ya mihogo aliyowachemshia wajukuu zake, akaja nayo nzima, na korosho kwenye upindo wa kanga. Dorothea akavuta kinu. Tukaiponda, tukaitoa nyuzi, tukaiviringa watatu. Unga wako wa dengu tukautumia, usikasirike, huo umesifiwa. Zilipotoka kwenye mafuta tulikula kwa mikono miwili, na zile za viazi Mama Neema akawapelekea watoto wa nyumba ya pili, wakazimaliza wakaja kuomba nyingine. Kwa hiyo usiseme zilitupwa.

Mama Somoe alikuwa analamba vidole aliponiuliza. "Huko unakokwenda, siku yako ikifika, nani atakuosha?"

"Watoto wa mdogo wangu. Wana adabu."

"Wanaujua mgongo wako?"

Nikamwambia, maiti haichagui mkono. Akasema, "Mimi sikuulizi habari za maiti. Nakuuliza habari zangu. Mimi nitamwosha nani?" Akalia. Tangu nimjue nimemwona kafukia watoto wawili na mume, analia kwa kukaza shingo, machozi hayashuki. Jana yalishuka, yakaingia kwenye chatini. Dorothea naye, mtu wa utani, akamfuta kwa ncha ya kanga yake.

Ndipo Elia alipokuja asubuhi hii na sanduku likapakiwa na nikakaa pale kizingitini nimevaa viatu, goti likakataa kunyanyuka. Nikamwambia, mwanangu, si goti. Shusha sanduku.

Nisikilize sasa, nakuambia wazi kama nilivyokuwa nakuambia tukiwa wadogo. Uliposema naolewa na mlango wa kuchonga kwa sababu mume wangu alikuwa na nembo za chale usoni, sikukasirika, maana nilimpenda huyo mlango. Huku ndiko nilikomzika. Huku ndiko wanangu walikodaiwa ukoo na wakapata. Mimi huku sasa si mgeni, nimegundua jana kwa ulimi wangu, na nimeumia kugundua, sikufichi. Mtu akijua hana pa kurudi alipotoka ni kama kufiwa mara ya pili. Mama Neema ameacha kuandika kidogo, anapenga makamasi. Haya, endelea.

Hiyo nafasi ubavuni mwa mama usiniwekee tena. Mpe mwenye haja. Ikae tupu ukipenda, au jiwekee mwenyewe, wewe ndiye kitinda mimba wake. Nikifa nitazikwa hapa kwenye mikorosho, na Mama Somoe ataniosha, nisipomwosha mimi kwanza, maana naye anakohoa.

Lakini usinielewe vibaya ukakunja barua hapo. Kiu niliyokuwa nayo ipo, haijapungua hata kidogo. Nimejua tu jina lake. Nilikuwa nasema nataka Muheza, nataka michungwa, nataka kachori. Muongo mimi. Nakutaka wewe. Nataka nikuone unavyokunywa chai kwa kelele, nikupigie kelele sikioni, unijibu la mvua nikiuliza la miguu. Mbaazi zikishavunwa, Elia akija tena na mabati, ninapanda, goti lipende lisipende. Nitakaa mpaka wanao wachoke, kisha atanirudisha. Kwa hiyo usife. Sikuombi, nakuamuru, mimi ndiye mkubwa. Wewe ulikuwa unaniita nije nilale karibu nawe chini ya udongo, na mimi nataka tukae karibu juu yake, tukiwa na midomo. Pale ubavuni mwa mama, Agnesi, hatutazungumza.

Msalimie binti yako mkubwa Rehema anayekupikia, mwambie akuongezee nyama, Elia anasema umekonda. Msalimie na mke wa Elia, mwambie mumewe siku aliyoleta mzigo alilala kwetu, akala, hakwenda kwingine, nashuhudia. Petro anakuamkia shikamoo mama mdogo. Mama Neema naye anakuamkia, na anaomba radhi kwa mwandiko, ingawa mimi nauona mzuri kwa kuwa siujui. Mama Somoe hakuletei salamu. Anasema atakusalimia siku atakayohakikisha nimerudi.

Elia amemaliza chai. Nimempa kifurushi cha kachori kwa ajili yako, za mihogo. Zitafika ngumu. Pasha.

Dada yako wa pekee,
Edina, Mama Petro