Neno la Bwana Emrys na Chumba Changu cha Juu

Wembley, London
9 Novemba 1983

Mpendwa mdogo wangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta goti limepoa, na wote nyumbani mko wazima. Mimi ni mzima, uzima wa mtu wa miaka sabini na minne: kifua kinanibana baridi ikianza, na ngazi za stesheni nazipanda kwa kupumzika. Alhamdulillahi. Mwanangu Shemsa na wanawe hawajambo. Watoto nawasemesha kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza. Zamani nilikuwa nikiwasahihisha, sasa nimechoka.

Barua yako ya mwezi wa Machi ninayo. Uliniuliza jambo moja tu: kama mjukuu wako Ruzuna aweza kupewa kile chumba changu cha juu atakapoolewa. Miezi minane sijakujibu. Niwie radhi. Nitafika huko, lakini kwanza nikupe habari ya jirani yangu.

Anaitwa Bwana Emrys, Mwelisi, yaani mtu wa Wales, aliyeuza maziwa mjini humu miaka arubaini, kama Wawelisi wengi wa zama zake. Kila Jumatano tunakutana maktaba na kufundishana maneno. Ni mwanafunzi mvivu. Nikimsahihisha hunicheka: "Mwalimu, farasi wangu wa maziwa alikuwa mpole kuliko wewe!"

Majuzi tulitafuta katika kamusi neno lao tref. Leo ni mji wenye maduka. Zamani lilikuwa makazi ya jamaa wachache pamoja na mashamba yao. Wakorni, wa pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, ambao lugha yao ni ndugu na hiyo, husema tre, na kwao ni shamba na nyumba yake. Wabretoni, huko Ufaransa, wanalo trev, sehemu ya parokia. Kiayalandi cha kale kilikuwa na treb, yaani makao, na kitenzi chake kilimaanisha kukaa mahali na pia kulima. Hilo lilinipendeza, kwamba kukaa na kulima vilikuwa kitu kimoja.

Nikamwuliza Wawelisi husemaje mtu anapokwenda kwao. Akasema adref, nalo limetoka humo humo. Kisha akatoa picha mfukoni.

Ilikuwa nyumba ya baba yake, ambayo jina lake huanza na neno hilo hilo. Ndugu yake aliifunga ili imngoje. Kila Krismasi Emrys aliandika kwamba mwakani anarudi. Wapwa zake walikuwa wakitafuta pa kukaa, wasithubutu kuomba, wakahamia mbali. Mvua ikala paa. Katika picha ile mti umeota jikoni na kutokeza juu ya kuta.

"Waliniheshimu mno," akaniambia.

Zuwena, nilirudi nyumbani nikaisoma upya barua yako. Nilipoondoka mwaka ule wa mapinduzi nilifunga chumba kwa mkono wangu, nikakuagiza asilale mtu humo mpaka nirudi. Umekaa miaka karibu ishirini ukifagia kizingiti kila Ijumaa na kufukiza ubani mlangoni, kwa ajili ya kitanda kisicho na mtu. Na kila ulipogusia habari hiyo nilikuandikia: kufuli lisiguswe, ufunguo ninao.

Sinao. Ulipotea tulipohama kutoka mtaa wa Hounslow mwaka wa sabini na mbili. Niliona haya kukwambia, na haya ikawa uongo. Hiyo ndiyo sababu ya kunyamaza kwangu, wala hapana nyingine.

Mwite fundi avunje kufuli. Kitanda ni cha Ruzuna. Madaftari yangu, yale yaliyosazwa na mchwa, yapelekwe skuli. Chumba kipigwe chokaa, madirisha yafunguliwe. Ubani ufukize ndani.

Safari siiwezi tena. Hilo nalo lilitaka kusemwa. Bwana Emrys akiniuliza Jumatano nakwenda lini adref, nitamjibu kwamba chumba kina wenyewe.

Nisalimie Ruzuna na mchumba wake, Bi Thuwaiba wa nyumba ya pili, na kila anayenikumbuka. Mwenyezi Mungu aijaze nyumba hiyo watoto wenye makelele, na akupe umri wa kuwakemea.

Wako akupendaye, kaka yako,
Khelef