Kadi Isiyoangusha Umeme

Jumanne, 1 Oktoba

Nimeamua. Nanunua kompyuta ya michezo. Si kama ile ya ofisini ninayochapia mémoires, tasnifu za wanafunzi, mchana kutwa — yangu mwenyewe! Nitacheza mpira na kurusha laivu mtandaoni, rafiki yangu Yasmine anitazame akiwa huko Uvira. Tangu ahamie, Jumamosi zangu hazina maana. Zamani tulishinda kwenye salle de jeux ya Nyawera, ukumbi wa michezo ya video, yeye ananifunga mabao na kucheka mpaka wavulana wanageuka. Nimemwandikia. Amejibu kidole gumba tu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Video zote zinasema: pesa nyingi weka kwenye kadi ya picha, ndiyo moyo wa mashine. Haya! Wao hawajapanga kwa Papa Floribert. Hapa parcelle nzima, nyumba zote za ua huu, tunatumia waya mmoja wa umeme. Mkizidisha, disjoncteur, swichi kuu, inaanguka, giza kwa wote. Na sheria inajulikana: aliyeiangusha anatoka mwenyewe kuipandisha. Swichi yenyewe iko ukutani, barazani kwa Papa Floribert. Unakatiza uani mbele ya watu, wanakupigia makofi na kukutania. Juzi ilikuwa zamu ya jirani yangu Maman Bibiane na pasi yake. Alicheka nao, akabaki hapo hapo mpaka fufu ikaiva.

Mimi ningekufa kwa aibu. Tangu nihamie hapa sijaiangusha hata mara moja. Sidhani kama kuna anayejua jina langu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimetoka kwa Feruzi, kaka yake Yasmine. Anauza vipande vya kompyuta Nyawera. Alinionyesha kadi kubwa yenye feni tatu. Uzuri wake! Nikaomba ile ndogo, inayokula umeme kidogo.

— Dada, hii itakuchosha mbiyo. Ile kubwa njo iko na nguvu. Unaogopa nini?

Nikasema umeme wa nyumbani ni mbovu. Sikusema naogopa watu. Prosesa nayo ya wastani, vijiti viwili vya memori, boksi la kawaida. Kilichobaki chote nimekiweka kwenye mikrofoni. Feruzi akashangaa: mikrofoni ya redio na kadi ya mutoto? Lakini sitaki picha nzuri. Nataka kusikika.

Alipokuwa ananifungia mzigo:

— Na ku harusi ya Yasmine, utakuya na nani?

Nikasema bado naangalia. Harusi! Nimerudi kwa miguu, boksi kichwani. Sikutaka kupanda moto, pikipiki ya abiria, nikalilie mgongoni kwa mtu.

Jumatano, 9 Oktoba

Imewaka! Mwanzoni ilikataa — kumbe memori sikuisukuma mpaka mwisho. Sasa feni inazunguka na taa ya bluu inapendeza. Maman Bibiane alipita dirishani, akauliza taa ile ni ya nini. Nikasema ya kazi, nikavuta pazia. Kwa nini nimemdanganya? Alikuwa anauliza tu.

Nimemwandikia Yasmine: Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Amesema sawa, atakuwepo. Kuhusu harusi, hakuna neno. Na mimi sikuuliza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilianza saa ileile. Kwenye kona ya skrini: mtazamaji 1. Amekuja! Nikaongea — sijui mara ya mwisho niliongea hivyo lini. Nikamtania kwa mabao yake ya kubahatisha. Nikamwambia nimefurahi kwa harusi, ila niliumia kuisikia kwa Feruzi. Nikamwambia nimemkumbuka, nakula peke yangu, nalala mapema ili siku iishe. Kimya. Nikadhani analia.

Nikachukua simu nione kama ameandika. Laivu yangu ilikuwa wazi humo. Niliifungua mwenyewe mwanzoni nijaribu sauti, nikasahau. Nikaifunga.

Mtazamaji 0.

Sauti ilikuwa safi sana, lazima niseme. Nimezima mashine. Nimechomoa na waya.

Bado Jumamosi

Umeme umekwenda. Redio ya Papa Floribert imekatika katikati ya habari. Naandika kwa tochi ya simu. Uani wanaguna, sasa wanacheka. Maman Bibiane — na harufu ya pasi yake naisikia tangu nilipokuwa hewani! — ndiye anayepaza sauti:

— Ni ile mashini ya bluu! Ariane! Kuya upandishe courant!

Na Papa Floribert:

— Ariane, mutoto yangu, kuya basi! Tunakungojea!

Wanajua jina langu. Wote wawili!

Si mimi. Mashine imelala, waya uko sakafuni. Ningeweza kuwaambia hapa hapa dirishani, yakaisha.

Wanaita tena. Wameanza makofi. Sandali moja nimeipata, nyingine iko chini ya boksi la mikrofoni, sijui —