Tramu Iliposita Mvuani

Kwako Zuwena, mke wangu uliyetangulia,

Leo wapwa zangu wamenicheka tena. Nimewahadithia jumba letu la umeme wa tramu kule Bombay: kwamba zamani magari yale yalivutwa na farasi, kisha zikaja waya, na nilipoingia mimi umeme ulitoka milimani, sisi tukiulainisha ufae tramu. Nikawaambia, bila mkono wangu hakuna tramu inayovuka mtaa. Salum akaniuliza, "Mjomba, na farasi nao uliwatia umeme?" Ungekuwapo ungesema lako: "Bwana we, punguza chumvi, chakula hakiliki."

Na wewe ndiye uliyeniamini kuliko wote. Ukipanda tramu kuniletea chakula, ulikuwa ukisema, "Ikienda, najua u mzima."

Wakumbuka ile siku ya mvua kubwa? Maji yaliingia shimoni chini ya mashine. Mimi na Yakub, mwenzangu wa kazi, tulikuwa humo tunavuta mkono wa swichi tuzime umeme, nao umeng'ang'ania kama kupe. Juu wanatupigia kelele, "Tokeni!" Maji yakafika mapajani, shubiri moja tu yaguse shaba zenye umeme. Mimi watu huwaambia nilikuwa naimba. Wallahi nilikuwa natoa shahada. Mara mkono ukakubali. Mashine zikanyamaza, na tramu za mji mzima zikasita pale zilipo.

Katika moja ulikuwamo wewe. Abiria wenzio wakabaki wakilalama. Wewe ukateremka ukakimbia na mvua, viatu mkononi, mpaka langoni. Bawabu akakuzuia: "Mama, umekatika umeme tu."

"Mume wangu yumo ndani. Nipishe!"

Nikatoka nimerowa chapachapa. Ukanitazama toka utosini mpaka nyayoni, ukanisukumia bakuli. "Kula, kimeshapoa."

Tramu zilipofutwa tukaja hapa Maskati, na mimi niliyeendesha Bombay nzima nikalazimishwa na sheria ya mji nisitoke usiku bila fanusi. Ulivyonicheka!

Sasa hapa wamejenga nyumba ya mashine ya umeme, nami wamenichukua kutia mafuta. Wapwa nimewaambia mimi ndiye mkuu. Kesho inawashwa, na nna khofu, Zuwena. Mashine naiweza. Nnachokhofu ni siku itakayozima: kila mtu atapapasa fanusi yake, na langoni hatakuja mtu, viatu mkononi, kuniulizia.

Mola akupe nuru huko uliko.

Mumeo, yule yule wa chumvi nyingi