Sinki la Kipimo cha Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele (jikoni hakuingiliki),
Jumatano, 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, ndivyo tulivyolelewa. Hujambo? Kazi inaendaje? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakinywesha chai ukidhani ni dawa? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kila asubuhi. Miguu yake ndiyo ileile, lakini mikono na mdomo havijambo kabisa.

Jikoni tumebomoa. Makabati yako varandani, vyombo tunaoshea bafuni kwenye beseni, na vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Ukuta umechimbwa kupisha mabomba mapya. Fundi bomba ni yule ambaye mtaa mzima unamwita Nusunusu, kwa kuwa hupima kila kitu mpaka nusu sentimita.

Unajua kwa nini tulianza kazi hii. Tangu Mama akalie kiti cha magurudumu, sinki la zamani liko juu mno. Akijaribu kuosha kikombe, maji yanamtiririka hadi kwapani. Mwezi uliopita aliniambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mwaka wa pili huu hamjanipa hata kijiko nioshe." Tukacheka wote. Kisha nikaenda chumbani nikalia.

Nilipokupigia simu ulisema kwa kinywa chako, "Dada, jikoni ni kwenu, pangeni mnavyotaka." Nilifurahi, nikafanya na ujinga juu yake: nilimwambia Mama kwamba wazo la sinki la chini ni lako. Nilitaka apate cha kukusifia. Basi alikusifu wiki nzima, mpaka jirani akaacha kupita kusalimia.

Siku ya kupima alijifunga kitambaa kipya kichwani utadhani anapigwa picha. Nusunusu akamsogeza ukutani, akapima kutoka sakafuni hadi viwiko vyake, akaandika kwa penseli: 78. Bomba la maji machafu akalipangia litokee pembeni badala ya katikati, ili magoti ya Mama yapate pa kuingia. Akawa anamwita "bosi", na Mama akawa anamwamrisha kwelikweli.

Jana nimerudi kutoka kazini nakuta 78 imekatwa mstari. Kando yake pameandikwa 90. Bomba limeshatokeza katikati kabisa. Na kwa kuwa Nusunusu akiandika kwenye karatasi huipoteza, maelezo yake yote huyaandika ukutani, basi chini ya ile 90 palikuwa na neno moja: MPANGAJI.

Nikamuuliza, mpangaji gani? Maskini, alishangaa kwamba sijui. Akasema ulimpigia Jumamosi ukamwambia sinki liwe la mtu wa kusimama, kwa sababu mwisho wa mwaka Mama anahamia kwa Shangazi na nyumba itapangishwa. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji na sare yangu ya kazi. Nimekupigia mara nne, hukupokea. Ndiyo maana naandika.

Umenigeuka, mdogo wangu. Sina namna ya kulipamba neno hilo. Fundi anajua, mimi ninayemnyanyua Mama asubuhi na jioni nasoma ukutani! Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga hawakuwahi kumpa mzaliwa nao namba ya simu ya fundi.

Ungeniambia, "Dada, umechoka, tumpeleke Mama kwa Shangazi," tungegombana, tungenuniana hata mwezi, lakini tungekuwa ndugu wawili wenye ugomvi wao. Wewe umepita ndani ya ukuta kama panya. Na mwenye nyumba je, umemuuliza? Maana nyumba ni yake, si yangu wala si yako.

Lile neno nililifuta kwa kitambaa kibichi kabla Mama hajatoka chumbani. Lilikuwa chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, nikasugua mpaka likapotea. Hakuliona. Sijamwambia lolote, na usidhani nimekusitiri wewe. Nimemhurumia yeye.

Leo asubuhi nimemwambia Nusunusu arudi kwenye 78 na bomba alirudishe pembeni. Keshokutwa anapiga plasta, na bomba likishafukiwa, kulihamisha ni kubomoa upya. Alinung'unika kwamba kwenye nyumba hii hajui bosi ni nani. Nikamwambia, "Bosi ni yule uliyempima." Akachukua nyundo, akaanza kugonga, na ninavyoandika bado anagonga. Ukitaka kumpigia tena, mpigie, lakini simu yake leo iko mfukoni mwangu.

Nisalimie sana mke wako, na wale mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Ugomvi huu hauwahusu. Mungu akulinde huko uliko, akuponye kikohozi, akupe na ujasiri wa kupokea simu ya dada yako.

Nilitaka kufunga barua, nikakumbuka kumuuliza Mama kama ana salamu zake. Yuko hapa mlangoni na kiti chake, anasikiliza nyundo. Amefikiri kidogo, kisha akasema niandike hivi, nisipunguze hata neno:

"Mwambie asante kwa sinki. Na huyo mpangaji wake akija, vyombo atavikuta safi."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata wiki hii.